Swichi na sensa za bei nafuu: ya kufanya kabla fundi hajavuta waya

*"Shikamoo mtaalamu. Najenga Bunju, nyumba ya vyumba vinne. Plasta imekwisha, fundi umeme anaanza kuvuta waya wiki ijayo. Mimi niko kikazi Dodoma, nyumbani atakaa mama na wadogo zangu wawili. Nataka taa za nje ziwake na kuzima zenyewe, nijue geti likifunguliwa usiku, na pampu ya kisima ya HP 1 ijizime tangi likijaa. Bajeti ya kuanzia ni laki nne. Muuzaji mmoja Kariakoo kaniambia nichukue vya Wi-Fi tupu kwa kuwa havihitaji kifaa kingine, mwingine anasema Zigbee. Kaka yangu yuko Texas, yuko tayari kuniletea vya huko. Intaneti yetu ni ya laini ya simu, bando likiisha taa si zitagoma? Na umeme wenyewe unakatika. Nichague kipi?"*

Marahaba, na hongera kwa kufika kwenye plasta. Umeniuliza uchague kati ya Wi-Fi na Zigbee (redio ya nguvu ndogo ya vifaa vya nyumbani), lakini ukiisoma barua yako vizuri, kinachokusumbua kiko mwishoni: bando limekwisha, umeme umekatika na kurudi saa nane za usiku, wewe uko Dodoma, mama yuko ndani. Nyumba itajua la kufanya? Hicho ndicho kipimo cha kila kifaa utakachoonyeshwa dukani. Kifaa kizuri kwa nyumba yako ni kile ambacho amri yake hailazimiki kutoka nje ya uzio, na ambacho mama anaweza kukiwasha kwa kidole ukutani bila kushika simu ya mtu.

Tuanze na bando, maana hapo watu wengi wanachanganyikiwa. Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili tofauti. Wi-Fi ni redio kati ya swichi yako na rauta, na bando ni njia ya kutoka kwenye rauta kwenda duniani. Bando likiisha, Wi-Fi inaendelea kama kawaida. Simu na swichi bado zinaonana ndani ya nyumba. Tatizo ni jinsi watengenezaji wengi wa vifaa rahisi walivyovipanga. Ukibonyeza "washa" kwenye simu, amri inasafiri hadi seva ya kampuni, mara nyingi nje ya Afrika kabisa, kisha inarudi kwenye swichi iliyo mita tatu kutoka ulipokaa. Kwa kifaa cha namna hiyo, bando likikata, simu haina la kufanya, ingawa rauta inawaka.

Si vyote viko hivyo. Kampuni ya Shelly wameruhusu tangu zamani kifaa kuongozwa ndani ya nyumba bila kupitia kwao. Sonoff nyingi za Wi-Fi zina njia ya kuwasiliana na simu iliyo kwenye rauta ileile. Vile visivyo na jina linaloeleweka, ambavyo vingi hutumia mfumo wa Tuya, huwa vinategemea zaidi seva, na kuvifanya vifuate amri za ndani peke yake kunahitaji mtu mwenye subira na ujuzi kidogo. Usibishane na muuzaji, mpime. Mwombe aunganishe swichi moja na rauta pale dukani, kisha achomoe laini ya simu kwenye rauta. Simu yako ikiwa bado imeshika Wi-Fi ileile, bonyeza. Ikiwaka, endeleeni na bei. Ikigoma, mshukuru uondoke. Kumbuka tu kwamba vifaa vingi vinahitaji intaneti mara ya kwanza ya kuvisajili, kwa hiyo jaribio linafanywa baada ya usajili.

Sasa ule ushauri wa "Wi-Fi tupu". Kwa swichi ya ukutani, ambayo umeme iko nao muda wote, Wi-Fi ni chaguo zuri na yule muuzaji hakukudanganya. Kwa sensa ya betri, hapana. Redio ya Wi-Fi inapotuma huvuta miliampea 100 au zaidi, na kila ikiamka lazima ijitambulishe upya kwa rauta kabla ya kusema neno. Betri ndogo ya duara ya CR2032 ina takribani miliampea-saa 220. Sensa ya Zigbee ya mlangoni husinzia ikivuta mikroampea chache tu, huamka kwa sehemu ya sekunde, hutuma taarifa fupi, hurudi kulala. Betri hiyohiyo inaweza kufika mwaka mmoja hadi miwili. Sensa ya mlango ya Wi-Fi ndiyo maana huja na betri kubwa za AAA, na kwenye geti linalofunguliwa mara nyingi kwa siku utazibadilisha mara kwa mara. Wewe uko Dodoma. Nani atabadilisha? Sensa iliyokufa betri haipigi kelele, inanyamaza, na wewe utaamini geti limefungwa.

Zigbee nayo ina gharama yake, na yule muuzaji wa pili angepaswa kukuambia. Simu na rauta yako hazizungumzi lugha hiyo. Lazima kuwe na kituo cha katikati. Unaweza kununua kituo kilichotengenezwa tayari, lakini soma kwanza kama kinatekeleza amri chenyewe bila intaneti, vingine havitekelezi. Au uweke programu ya Home Assistant, ya bure, iliyoanza mwaka 2013 na inayoendeshwa ndani ya nyumba yako, pamoja na kijiti cha Zigbee cha kuchomeka kwenye USB. Watu hukimbilia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, kwa kazi hii. Kwa nyumba ambayo umeme unakatika, mimi napendelea laptopu kuukuu ambayo bado betri yake inashika hata nusu saa: umeme ukienda haizimiki ghafla, na saa yake ya ndani haipotei. Raspberry Pi za miaka mingi hazikuja na saa ya ndani, na kadi ya kumbukumbu inayokatiwa umeme katikati ya kuandika huharibika mapema. Kijiti kile kiunge kwa waya wa USB wa nusu mita au zaidi, usikichomeke moja kwa moja ubavuni mwa laptopu. Matundu ya USB 3 hutoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 ambayo Zigbee inatumia, na watu wengi wanaolalamika kwamba Zigbee haishiki, ugonjwa wao ni huo.

Rauta nayo iweke kwenye akiba ndogo ya umeme ya volti 12, zile za kuchaji zinazouzwa kwa ajili ya rauta. Nyumba ikiwa gizani, taarifa ya geti bado inaweza kukufikia Dodoma bando likiwepo, mradi sensa inakifikia kijiti moja kwa moja, maana sensa ina betri yake, laptopu ina yake, na rauta ina hiyo.

Geti liko umbali gani na nyumba hukuniambia, lakini viwanja vya Bunju navijua, tuseme mita 20 au 25. Ukuta wa tofali la saruji hupunguza nguvu ya mawimbi, zege lenye nondo hupunguza zaidi, na bati huyazuia kabisa. Zigbee ina jibu zuri kwa hili: vifaa vinavyokula umeme wa ukutani hupokezana ujumbe kama watu waliojipanga kupitisha ndoo za maji wakati wa kumwaga zege. Vya betri havipokezani, vinasema vya kwao na kulala. Kwa hiyo ukiweka swichi moja ya Zigbee yenye nyutro (waya wa kurudisha umeme, nitaueleza chini) kwenye taa ya nje iliyo upande wa geti, sensa ya geti inafikisha ujumbe kwa swichi hiyo, nayo inausukuma ndani, ila umeme ukikatika mpokezi huyo naye huzimika. Sensa yenyewe usiigandishe juu ya chuma kitupu cha geti. Weka kipande cha plastiki au mbao chenye unene wa sentimita moja au mbili katikati, kwa sababu chuma kikiwa kimegusana na antena huila nguvu ya redio. Kilicho ndani ya sensa ni swichi ndogo ya kioo inayofungwa na sumaku, kwa hiyo geti linalolegea na kuyumba litakupa taarifa za uongo usiku kucha. Mwambie fundi wa geti arekebishe bawaba kwanza. Na utafute kasha lisilopitisha maji. Bunju hewa ya bahari inafika, na chumvi inakula miguu ya betri.

Kuna pia vifaa vya megahezi 433, kama rimoti za mageti. Ni vya bei ya chini kuliko vyote na mawimbi yake yanapenya kuta vizuri. Lakini vingi vinatuma tu, havijui kama ujumbe umefika, na vile vya msimbo usiobadilika mtu anaweza kuurekodi na kuurudia. Kwa kengele ya mlangoni sawa. Kufuli la geti usilikabidhi kwavyo.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo halisubiri, kwa sababu fundi anaanza wiki ijayo. Katika nyumba nyingi zetu, boksi la swichi ukutani lina nyaya mbili tu: laivu inayoingia, na waya unaokwenda kwenye taa. Nyutro inabaki juu darini. Swichi ya kawaida haina shida na hilo, kazi yake ni kukata na kuunga. Swichi ya redio ni kompyuta ndogo, inahitaji kula saa zote, hata taa ikiwa imezimwa. Isipokuwa na nyutro, hupitisha umeme kidogo ndani ya taa yenyewe ili iendelee kuishi. Balbu za zamani hazikuhisi. Taa ya LED ya wati 5 inahisi: inapepesa, au inabaki na mwanga hafifu usiku kucha. Kuna kapasita ya kufunga sambamba na taa inayotibu hali hiyo, na kwa nyumba iliyokwisha kujengwa ndiyo ningekushauri, au kuificha moduli ya swichi juu darini ambako nyutro ipo. Lakini wewe ukuta bado uko wazi. Mwambie fundi ashushe nyutro katika kila boksi la swichi, hata zile usizopanga kuzibadilisha, na atumie maboksi yenye kina cha milimita 35 au 47 badala ya yale mafupi ya 25. Kinachoongezeka ni waya kiasi na tofauti ndogo ya bei ya boksi. Ukija kutaka hivyo baada ya rangi, ni kupasua ukuta.

Wakati mfereji uko wazi, alaze pia bomba tupu kwenda getini na kwenye mnara wa tangi. Mimi riziki yangu ni vifaa visivyo na waya na bado nakuambia hivi: pale ambapo waya unafika kwa urahisi, waya ni bora.

Hilo linahusu zaidi pampu, na hapa nakuomba usome taratibu. Utaona swichi imeandikwa ampea 10, utapiga hesabu kwamba HP 1 ni wati 746, utaona inatosha. Kwanza, hizo 746 ni nguvu inayotoka kwenye mota. Inayoingia ni zaidi, na kwa volti 230 pampu kama yako huvuta ampea 5 hadi 7 ikiwa mwendoni. Pili, mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo kwa muda mfupi. Ile ampea 10 iliyoandikwa ni kwa mzigo mpole kama pasi au balbu. Mota ikianza mara nyingi, ncha za kugusana ndani ya swichi hupiga cheche hadi zinagandana. Zikigandana, simu itakuonyesha "imezimwa" na pampu inaendelea, ama tangi linafurika ama kisima kinakauka na pampu inaungua.

Pampu iendeshwe na kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku wanayotumia mafundi wa mashine, na ile swichi ndogo ya redio kazi yake iwe kuwasha koili ya kontakta tu. Kisha boya la tangi liunganishwe kwa waya katika mstari uleule wa koili. Maana yake ni kwamba ili pampu izunguke, wote wawili lazima wakubali: boya liseme maji hayajajaa, na swichi iseme washa. Mmoja akikataa, pampu inasimama. Redio ikipotea, rauta ikizimika, mimi na wewe tukilala, boya halijali. Kama kisima chako hukauka kiangazi, fundi aongeze kinga ya kukauka upande wa kisima kwa mtindo huohuo.

Ndani ya mpangilio wa swichi utakuta swali la umeme ukirudi: iwake, izime, au irudi ilivyokuwa. Watu hulipita bila kulisoma. Kwa pampu chagua izime, bila mjadala, kwa sababu dakika za kwanza baada ya umeme kurudi ndipo volti inapoyumba zaidi. Weka pia muda wa juu, kwa mfano ikifika dakika 90 ijizime hata kama hakuna aliyeiambia. Kwa taa za nje, chagua irudi ilivyokuwa.

Taa zenyewe hazihitaji akili nyingi. Pwani yetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro dakika kumi jioni, mwaka mzima, kwa hiyo ratiba ya saa ingetosha. Ila swichi nyingi za Wi-Fi za bei ya chini hazina betri ya saa. Umeme ukikatika zinasahau muda, zikirudi zinauliza saa kwenye intaneti, na kama bando limekwisha haziwashi chochote. Kwa hiyo nakushauri fotoseli, ile sensa ya mwanga ya kufunga kwa waya, iwashe taa mbili za msingi, ya mbele na ya geti. Bei yake ni ndogo na haina cha kusahau. Swichi ya redio weka kwenye taa za nyongeza, zile unazotaka ziwake zote geti likifunguliwa saa tisa usiku.

Usije ukaziachia taa hizo sensa ya mwendo na ukategemea maajabu. Sensa hizo za bei ya kawaida huona tofauti ya joto kati ya mwili unaopita na mazingira. Mchana wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 32 na ukuta umepashwa na jua, ngozi ya mtu na ukuta vinakaribiana na sensa inakuwa kama imefumba macho. Usiku inaona vizuri zaidi. Na mjusi akitambaa juu ya kioo chake, kwake ni mtu mkubwa. Isogeze mbali na taa inayokusanya wadudu, maana mijusi hufuata wadudu.

Kuhusu kaka yako wa Texas: mshukuru, lakini asinunue swichi. Marekani ni volti 120 na maboksi ya ukutani ni ya mstatili, yetu ni mraba. Kikubwa zaidi ni masafa. Kuna mfumo mwingine uitwao Z-Wave, mzuri sana, lakini wa Marekani hutumia megahezi 908, na kwetu, kama Ulaya, eneo hilo la masafa ni la simu za mkononi kuzungumza na minara. Hutasikika vizuri, na utakuwa unaingilia masafa ya watu wenye leseni. Anachoweza kuleta bila tatizo ni kijiti cha Zigbee na sensa za Zigbee za betri, kwa sababu gigahezi 2.4 ni ileile duniani kote na betri haina volti ya nchi. Kule kijiti huwa kati ya dola 15 na 30, sensa ya mlango dola 8 hadi 15.

Kwa laki nne, mpango wangu ungekuwa huu. Kwanza lipa nyutro, maboksi ya kina, kontakta, boya na fotoseli mbili, hata kama vitakula sehemu kubwa ya fedha, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyofanya kazi siku kila kitu kingine kimelala. Kaka alete kijiti na sensa mbili, moja ya geti na moja ya mlango wa nyuma. Tafuta laptopu kuukuu kwenye familia. Nunua swichi mbili za Zigbee zenye nyutro, moja ya taa ya nyongeza ya upande wa geti, moja ya kuendesha kontakta. Kaa navyo msimu mmoja wa mvua kabla ya kuongeza. Badilisha nywila ya rauta iliyokuja nayo, na kila akaunti ya kifaa iwe na nywila yake.

Kazi ya ubao wa breka, kontakta na hita ya bafuni usiifanye mwenyewe wala usimpe kijana wa kufunga kamera. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5 huvuta zaidi ya ampea 20, haina mahusiano yoyote na swichi ya ampea 10 au 16. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, umwombe akuonyeshe, na aipime ethi kwa mita mbele yako kabla ya kufunga ubao. Baadaye, ukipigiwa simu na mama kwamba swichi ni ya moto kuishika, kuna harufu ya plastiki, au taa za nyumba nzima zinapanda na kushuka mwanga, mwambie azime mein swichi papo hapo. Taa zinazopanda na kushuka nyumba nzima mara nyingi ni nyutro iliyolegea, pengine huko nje kwenye nguzo. Hapo aitwe TANESCO na fundi siku hiyohiyo, na mein swichi isiwashwe mpaka wafike.